Rangi za Pande Mbili za Isale

Mimi rangi zikigombana naumwa. Kuna watu wasipokunywa chai asubuhi kichwa kinawagonga. Mimi kinanigonga nikipita mahali mtu kapanda salvia nyekundu mbele ya ukuta wa pinki. Mume wangu anasema huu ni ugonjwa wa watu waliokosa shida. Namjibu kwamba ugonjwa huo ndio unaosomesha watoto wake, na hapo huwa anakumbuka ghafla kwamba hajafunga geti.

Kazi yangu ni bustani. Nina kitalu cha miche pale Njoro, na watu wa Moshi wakishamaliza kujenga huniita niwapangie uwanja. Wengi wanataka kila ua waliloliona kwenye simu. Nawaambia: chagua rangi moja iwe mwenye nyumba. Ya pili iwe mgeni wake, na zilizobaki zikae jikoni zisaidie kazi. Njano, chungwa na nyekundu ni ndugu wa damu, waweke pamoja watasikilizana. Buluu na zambarau nao wana ukoo wao. Ukitaka koo hizo mbili zikae uwanja mmoja, usizibananishe. Weka katikati kitu cheupe, au majani ya kijivu, macho yapate pa kupumzikia. Basi, hiyo ndiyo elimu yangu yote. Mengine ni samadi na kumwagilia.

Mama mkwe wangu hakuwahi kuiamini elimu hiyo hata siku moja. Mimi humwita Mama tu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Nyumba yake iko juu mlimani, ndani ya kihamba cha ukoo, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo watoto wa kiume hurithi kwa baba zao. Mbele ya nyumba ana bustani, na bustani ile ni fujo. Kana za rangi ya chungwa, dalia nyekundu, maua ya njano yanayonuka, waridi aliloomba kwa mke wa mchungaji, jeraniamu ndani ya sufuria lililotoboka. Nilipoolewa nilimwuliza, kwa adabu, kwa nini hakupanga. Akanitazama.

"Hivi wewe," akasema, "mtu akikuletea zawadi unamwambia simama kwanza nikutafutie mwenye rangi yako?"

Nilimpenda kuanzia hapo. Mimi nimezaliwa tambarare, kwenye kambi za wafanyakazi wa miwa. Wazazi wangu walihamia kutoka mkoa mwingine kufuata kazi, na kwetu kulikuwa na rangi mbili: kijani cha miwa na vumbi. Mtu aliyekulia huko akioneshwa fujo kama ya Mama, hata kama kichwa kinamgonga, moyo unacheka.

Mwaka jana Mama aliteleza kwenye mfereji, akavunjika nyonga. Alilala hospitali mjini, kisha tukamchukua kwetu Pasua mpaka akaweza kutembea kwa fimbo. Alinichosha, na nilifurahi kuchoshwa. Alikuwa anakaa barazani akitukana makopo yangu ya maua yaliyopangwa vizuri. Yamenyamaza sana, alisema, kama watu waliosubirishwa benki. Kisha akaweka nadhiri: akirudi mlimani na kuingia kwake kwa miguu yake mwenyewe, atafanya ibada ya shukrani nyumbani, mchungaji aje, kwaya ije, majirani wote waje.

"Na wewe," akaninyooshea fimbo, "utanipangia ile bustani. Nataka mtu akifika getini aseme kweli huyu mama Mungu kamrudisha."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe kule kukaa Pasua kulikuwa kumemwingia.

Tulimrudisha kiangazi kikiwa kikali, tukabaki naye kuandaa shukrani. Nilitegemea kukuta maua yote yamekufa. Mengi yalikuwa yamekufa kweli, yaliyo karibu na nyumba. Lakini kana zote za upande wa chini, zile zinazopakana na masale, zilikuwa hai, na udongo wake una unyevu. Mama alisimama akazitazama kwa muda mrefu.

"Mvua," akasema.

Mvua gani hiyo inayonyesha mstari mmoja tu, sikuuliza. Nilishakaa katika ukoo huu kiasi cha kujua mahali pa kufunga mdomo.

Masale, likiwa moja isale, ndiyo mpaka. Ni mmea wa majani marefu, mabichi, ya kung'aa, na huku mlimani kihamba na kihamba hutenganishwa kwa mstari wake. Ng'ambo ya masale ya Mama anakaa mama mdogo, mke wa mdogo wake marehemu baba mkwe. Hao wawili waliolewa kwa ndugu wawili, wakazaa pamoja, wakavuna kahawa pamoja, wakaimba kwaya moja. Lakini baba mkwe alipofariki, kwenye matanga, wanawake wakiwa wamekaa wanamenya ndizi, mama mdogo alisema mbele ya wote: "Mlimchelewesha. Angepelekwa hospitali mapema angekuwepo." Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena. Kanisani walikaa mabenchi tofauti. Mama mdogo hakuja hospitali Mama alipovunjika nyonga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua, na ndiyo yaliyokuwa yanajulikana na kila mtu. Mama alikuwa anasubiri aombwe msamaha. Alishasema kwamba atakufa akisubiri, na kwa umri wake hayo hayakuwa maneno ya mchezo. Shukrani ilikuwa inakuja, majirani wote wamealikwa, na jirani wa kwanza hajaalikwa. Mume wangu alijaribu kumgusia, akaambiwa kama anamtaka sana mama yake mdogo akafanye shukrani huko huko.

Mimi nikajifungia kwenye rangi, maana huko ndiko ninakoelewa. Na huko nako nikamkuta mama mdogo. Alikuwa na bogenvilia. Si bogenvilia la kawaida. Lilikuwa pinki kali inayokimbilia zambarau, limepanda juu ya banda la ng'ombe na kumwagika mpaka karibu na masale. Na mbele yake, upande wetu, kana za rangi ya chungwa za Mama. Ukisimama getini unaviona pamoja, na jicho linakosa pa kushika. Nilihamisha dalia, nikaweka njano pamoja na nyekundu, nikaipa chungwa nafasi iwe mwenye nyumba. Uwanja wa juu ukatulia vizuri. Lakini kila nikirudi getini, lile bogenvilia linanipigia kelele.

"Lile lake linaniumiza macho miaka yote," Mama alisema. "Lakini utafanyaje. La mwenzio ni la mwenzio."

Ndipo nikaona cha kufanya. Kandokando ya masale nikapanda lili nyeupe zile zinazopenda maji, na katikati yake agapantasi, ua la buluu lenye kichwa cha mviringo. Nyeupe inatuliza, buluu inaungana na zambarau ya ng'ambo, na kijani cha masale kinashika vyote. Nikarudi getini. Ilipendeza, lakini nusu. Upande wa mama mdogo, chini ya bogenvilia, palikuwa patupu, udongo mtupu na kwato za mbuzi. Ili macho yatulie, nyeupe na buluu zilitakiwa zivuke mpaka. Huwezi kupanga rangi za upande mmoja tu ukategemea jicho lenyewe lijue mahali pa kusimama. Halijui mambo ya vihamba.

Nikachimba agapantasi chache zilizokuwa zimeanza kutoa maua, nikazifunga mizizi kwa jani la mgomba lenye maji. Nikatafuta cha kufungia. Kamba za mgomba zilikuwepo, zimechakaa, za kahawia, na kahawia ile ingeua ile buluu. Sasa mtu mwenye akili angesema, unapeleka miche kupandwa, rangi ya kamba inakuhusu nini? Mimi inanihusu. Mkono ukaenda kwenye masale. Nikachuma jani moja refu, bichi, nikazungushia, nikapiga fundo. Kijani kile cha kung'aa chini ya buluu kilinifurahisha mpaka nikatabasamu peke yangu. Nikapita kwenye mwanya wa masale, nikaenda.

Desturi ya isale nilikuwa nimeisikia. Nilishaambiwa, tena na mume wangu mwenyewe, kwamba mtu aliyekosa akimpelekea mwenziwe jani la isale lililopigwa fundo, yule mwenye kinyongo hawezi kukataa. Ni lazima asamehe. Lakini niliisikia kama unavyosikia mambo mengi ya ukweni: yanaingia sikio hili, yanatokea lile.

Mama mdogo alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaona nilichoshika, panga likaanguka kwenye majani. "Amekutuma?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza rangi, nyeupe, buluu, jicho linavyosafiri kutoka getini. Yeye hanisikilizi. Anatazama fundo. Alifuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma, akaupokea ule mzigo kwa mikono miwili, akaushika kifuani kama mtoto mchanga. Nikakumbuka.

"Mama mdogo," nikasema, "mimi sikujua. Hili jani nimefungia tu. Naomba unisamehe."

Akanitazama, na uso wake, uliokuwa umeanza kulia, ukaanza kucheka vilevile.

"Najua hukujua," akasema. "Wewe mtoto wa kambi za miwa ungejulia wapi. Angekuwa amenitumia yeye, lisingekuja na maua." Akacheka tena, akajifuta. "Lakini isale halirudishwi, mwanangu. Likishavuka limevuka. Mimi nimeshapokea."

"Lakini aliyekosa ni..." nikasema, nikajikata. Nilitaka kusema ni wewe.

"Mh," akasema. "Nenda nyumbani ukale."

Sikula. Nilimsubiri mume wangu arudi kutoka dukani, nikamwambia, akakaa chini kwenye ngazi akashika kichwa. Unajua ulichofanya, aliniuliza. Umemfanya mama yangu aombe msamaha kwa neno alilotukanwa yeye. Akataka aende mara moja kwa mama mdogo akaeleze kwamba mke wake ni mtu wa kuja, amekosea, jani lile ni kamba tu. Tulikuwa tunanong'ona, lakini Mama masikio yake hayakuvunjika pamoja na nyonga. Alitokea mlangoni na fimbo.

"Nani kaomba msamaha?"

Tukamwambia. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Mama alisimama pale, fimbo kaikaza chini.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimwombe yeye msamaha? Kwa lipi?"

"Mama, ninakwenda sasa hivi kulirudisha," mume wangu akasema.

"Utarudisha nini? Isale linarudishwa?" Alimkaripia mpaka akakaa tena. "Nenda kwa ng'ombe wewe. Niache na huyu."

Nikabaki naye. Nilijua nitatukanwa, nikawa nimejiandaa. Badala yake akaniambia nimshike mkono nimpeleke kwenye zile lili nilizopanda. Tukatembea polepole. Pale karibu na masale akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akatazama moja kwa moja ng'ambo. Mama mdogo hakuonekana. Lakini chini ya bogenvilia udongo ulikuwa umeshafukuliwa, na zile agapantasi zimesimama kwenye mstari, zimemwagiliwa.

"Zimekaa vizuri," Mama alisema.

"Zimekaa, Mama."

Kisha akasema bila kunitazama: "Ile siku ya matanga, na mimi nilimjibu."

Nikamwambia sikuwahi kusikia kwamba alijibu.

"Hakuna aliyesikia. Nilimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa na binti, wa kwanza. Homa. Alimbeba usiku usiku akamfikisha hospitali mapema kabisa, na bado akafa. Sasa mimi nikamwambia: wewe wako ulimpeleka mapema, yuko wapi?"

Migomba ilikuwa inapigwa upepo juu yetu. Mimi nina watoto. Nilitaka kumwachia mkono, na papo hapo nikaushika zaidi, kwa sababu niliuona uso wake.

"Neno lake aliwaambia watu wote," Mama akasema, "kwa hiyo watu wote walinionea huruma. Langu analijua yeye peke yake. Hakuwahi kulisema kwa mtu. Hata kwa mume wake nadhani hakusema." Akatikisa kichwa. "Wewe unafikiri mimi nilikuwa namsubiri aje kuniomba msamaha. Nilikuwa namwogopa."

Nikamwambia nampenda. Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno yenyewe, jambo ambalo kwetu mkamwana hamwambii mama mkwe. Akanipiga mgongoni na kusema nisimletee mambo ya sinema, nimrudishe ndani baridi inaingia.

Siku ya shukrani ilifika. Ukungu uliondoka mapema na mlima ukatoka wote. Tulianza kupika alfajiri. Wanawake wa jumuiya walikaa uani wanamenya ndizi za mtori, na Mama, ambaye alikatazwa kufanya kazi, alikuwa amejiwekea kigoda katikati yao na kisu mkononi. Hakuna aliyemtaja mama mdogo. Mimi kila nikipita na sufuria nilikuwa natupa jicho kwenye masale. Mume wangu naye, anapanga viti, anapanga tena vilevile vilivyokwisha kupangwa.

Akaja. Amevaa gauni la kanisani na juu yake kanga ya kazi, amebeba beseni la ndizi kichwani, na hakupita getini kama mgeni. Alipita kwenye mwanya wa masale, njia ambayo nyasi zilikuwa zimeshaifunika. Visu vikasimama. Alitua beseni, akatafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu, karibu na Mama, kwa sababu mimi nilikuwa nimesukuma kigoda pale na mguu.

"Dada," akasema, "umeamkaje?"

"Nimeamka," Mama akasema.

Wakamenya. Wanawake wengine, watu wenye busara, wakaanza kuzungumza habari za bei ya kahawa kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma yao nakusanya maganda, na ninakiri nilikusanya maganda yale polepole sana.

Mama hakuinua kichwa. "Lile isale," akasema kwa sauti ya chini.

"Lilifika, dada."

"Watu wanasema huyu mkamwana wangu alikosea. Kwamba hajui mambo yetu, alifungia maua tu."

Kisu cha mama mdogo kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Hakukosea," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Kwa ajili ya lile neno la nyuma ya jiko."

Hakunituma. Mama mdogo alijua hakunituma, kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu. Na Mama alijua kwamba mwenziwe anajua. Nilibaki nimeinama na maganda mikononi.

Mama mdogo aliweka kisu chini. Akanyoosha mkono, akachukua ile ndizi iliyokuwa mkononi mwa Mama, ambayo Mama alikuwa akiimenya na kuimenya mpaka imebaki kidogo, akaitumbukiza kwenye maji.

"Ndiyo, dada," akasema. "Aliniambia umemtuma."